Kikombe Nilichokiweka Chini

Iko siku moja, mwanangu, inayonirudia kila Baba Yetu inapofika pale pa kusamehe, na kwa kuwa ninasali kila siku, basi kila siku inanirudia. Ilikuwa Kalunguta, katika njia ya kutoka Butembo kwenda Beni, nyumbani kwa mkubwa wa shirika letu la kusali. Siku hiyo nilisema "nimekusamehe" mbele ya watu zaidi ya ishirini, wakanipigia makofi, na sidhani kama nimewahi kutenda dhambi kubwa kuliko ile. Kaa vizuri nikueleze. Wajukuu wangu wanasema koko, yaani bibi yao, akianza kusimulia, maharage yanaungua, na wana haki, wiki hii yameungua mara mbili. Lakini hili ulisikilize mpaka mwisho, maana linakuhusu.

Nitachanganya Kiswahili cha kanisa na kile cha sokoni, kinachosema batu kwa watu, chenye mais na donc za Kifaransa, yaani lakini na basi. Univumilie, ndicho nilichonacho.

Wakati ule nilikuwa mwanamke kijana, mke wa Kakule, mama wa watoto wawili, na kila asubuhi niliuza uji wa mtama kando ya soko. Uji wangu ulijulikana. Sipendi kujisifu, lakini watu walishuka kutoka milimani wakiuliza, yule Katungu yuko wapi. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Kanyere. Tulisoma katekisimu pamoja, tukapokea komunyo ya kwanza siku moja, na Mungu akapenda tuolewe katika kijiji kimoja. Mume wake alikufa mapema, akamwachia watoto wawili: Masika, msichana wa miaka saba, na Muhindo, kaka yake mdogo, wa miaka mitatu. Kanyere aliwalea kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Siku ya soko watu walisongamana mlangoni pake tangu asubuhi, kwa sababu pombe yake ilikuwa safi na yeye mwenyewe alikuwa na maneno ya kuchekesha.

Sasa nikukumbushe desturi yetu, hata kama unaijua. Kwetu, anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Anapiga funda moja mbele yako, anafuta mdomo, ndipo anakupa kikombe kwa mikono miwili. Wazee wanasema ni heshima, na ni heshima kweli, lakini kila mtu anajua maana yake nyingine: tazama, hakuna sumu humu. Sisi tunaogopa sumu kuliko tunavyoogopa nyoka. Mtu akifa ghafula, kabla hata ya kumlilia watu wameshaulizana alikunywa kwa nani. Kwa hiyo ukikataa kikombe cha mtu mbele za watu, huna haja ya kusema neno. Umeshamwita mlozi, na hakuna atakayekudai ushahidi.

Asubuhi moja Muhindo alikuja akanywa uji kwangu kama kawaida. Nilimpa kila siku, alikuwa kama mwanangu. Kabla ya saa sita mchana alianza kutapika, macho yakamgeuka. Kanyere akamfunga mgongoni akakimbia naye mpaka dispanseri. Nilipopata habari niliacha sufuria motoni nikakimbia nyuma yao, bila viatu. Nilimkuta amekaa chini katika ua, mtoto amelegea mapajani pake. Pale uani palikuwa na wagonjwa na wauguzaji wao, yaani nusu ya kijiji. Kanyere aliinua kichwa, akaniona.

"Hapana karibia," akasema. "Mutoto yangu alikunywa uji yako. Katungu, ulimutilia nini?"

Nilisimama pale kama mti.  Mwuguzi alimtibu mtoto, na Mungu alimrudisha. Siku ya tatu alikuwa anakimbiza kuku. Mwuguzi alisema alikula kitu kibaya, hakusema kitu gani, na watu wakajaza wenyewe mahali palipobaki wazi.

Mwanangu, hujui maana ya kuitwa mlozi mpaka uitwe. Kesho yake nilipika uji, nikaurudisha nyumbani wote. Kwenye arusi watu walipokea kikombe kutoka mikononi mwangu wakitabasamu, halafu wakaenda kukimwaga nyuma ya nyumba. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, jirani zangu walinipa ncha za vidole. Mume wangu Kakule, Mungu amrehemu, alianza kula chakula chake mlango ukiwa wazi, akitafuna polepole ili wapita njia waone kwamba anakula chakula cha mkono wangu na hafi. Nilimpenda sana kwa jambo lile, na nililia sana kwa jambo lile lile. Miezi mitatu ilipita hivyo. Mara mbili nilipanda mpaka Masereka, kwa mama mkwe wangu, nikalia kwenye kanga yake kama mtoto.

Aliyeniokoa alikuwa Masika, yule msichana wa miaka saba. Alikuwa ameanza katekisimu, na juma hilo walikuwa wamefundishwa juu ya kusema uongo. Jumapili, watu wakitoka misa, alimshika mama yake kitenge pale mlangoni pa kanisa akasema kwa sauti, "Mama, ni mimi. Muhindo alikuwa analia njaa, nikamukatia muhogo. Ule muchungu, ule ulikuwa haujalowesha. Niliogopa utanipiga." Kila mtu alisikia. Kila mtu anajua muhogo mchungu ukiliwa mbichi unamfanya nini mtoto. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao. Yule mtoto alinigeukia, akanitazama usoni, kisha akaficha kichwa katika kitenge cha mama yake.

Ungedhani nilimkimbilia, nikambeba. Sikumbeba. Nilienda nyumbani nimeinua kichwa, nikijisemea moyoni: sasa watanijua.

Kanyere hakusubiri kuitwa. Juma lile lile aliomba neno katika shirika. Wewe unajua, shirika ni zile nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila juma, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Na zamu ilikuwa ya Tata Paluku, mkubwa wetu. Tuliposoma Injili na kuomba, Kanyere aliingia na mtungi wa kasiksi, ile nzuri ya ndizi zilizoiva barabara, akapiga magoti mbele yangu. Masika alisimama nyuma yake ameshika kibuyu cha kuchotea.

"Katungu," akasema, "nilikukosea. Nilikuita mulozi na hauko mulozi. Nilikuwa na mutoto anakufa mikononi, akili ilipotea. Naomba unisamehe, ju ya Mungu."

Akachota, akaonja, akafuta mdomo, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa inatetemeka, pombe ikamwagika kidogo kwenye vidole vyake.

Nitakuambia ukweli, maana katika umri wangu uongo hauna faida tena. Kuona ile mikono ikitetemeka kulinifurahisha. Kulikuwa na utamu ndani yangu ambao sijawahi kuupata katika asali. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi nilikuwa nimeuonja uchungu wake miezi mitatu, na sasa nilitaka auonje yeye. Lakini nilikuwa Mkristo, tena mwimbaji wa kwaya. Kwa hiyo nilisema kwa sauti nzuri, "Nimekusamehe, Kanyere. Mimi ni mukristu." Watu wakapiga makofi. Nikakipokea kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri. Nikatazama ndani yake. Halafu nikakiweka chini, kando ya mguu wangu, nikakunja mikono.

Makofi yalikufa moja moja. Mtungi ukaanza kuzunguka. Wa kwanza akasema anatumia dawa. Wa pili akasema ana tumbo. Mama mmoja akasema ameacha pombe tangu Kwaresima, na sote tulijua alikunywa juzi. Ulipomfikia Tata Paluku aliuangalia, akaniangalia mimi, akasema tufunge kwa sala. Kanyere akaubeba mtungi wake ukiwa umejaa, akatoka, na Masika nyuma yake na kibuyu.

Siku ya soko iliyofuata, kasiksi ya Kanyere ilibaki. Na iliyofuata, na iliyofuata. Watu walinong'onezana kwamba Katungu anajua kitu, angalia, alisamehe lakini hakunywa. Walioniuliza niliwajibu hivi: "Mimi nilisamehe. Mais kunywa, kila mutu na tumbo yake." Na uji wangu ukawa unaisha kabla jua halijapanda. Nyani haoni kundule, mwanangu. Niliimba kwaya kila Jumapili kwa sauti ya juu kabisa.

Mara moja Kanyere alikuja nyumbani kwangu, peke yake. Alikuwa amekonda. Hakuketi.

"Katungu, kuya kwangu siku moja. Kunywa hata maji tu, batu baone. Batoto yangu banalala njaa."

Nikamjibu, "Nilishakusamehe mbele ya batu yote. Unataka nini tena?"

Akaenda zake. Miezi miwili baada ya siku ya kikombe alifunga vyombo vyake, akachukua watoto, akaenda Oicha kwa ndugu yake mwenye shamba la kakao. Sikwenda kumuaga. Nilisimama dirishani nikaona mtungi wake umefungwa kwa kamba juu ya mizigo ya gari.

Sasa mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, hakupandisha sauti hata siku moja, na ndiyo sababu tulimwogopa. Baada ya mavuno alishuka kutoka Masereka akatuletea maharage katika maganda yake, tukakaa wawili kwenye mkeka tunaambua. Miezi sita ilikuwa imepita tangu Kanyere aondoke. Mama mkwe aliambua kwanza, akajaza ungo mzima, ndipo akasema bila kunitazama:

"Baliniambia ulisamehe mutu."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Iko wapi sasa ule mutu?"

"Oicha, kwa ndugu yake."

"Alienda kutembea?"

"Hapana, mama. Alihama."

"Ju ya nini?"

Nikaendelea kuambua. Mama mkwe akachukua ganda lingine, akalipasua kwa kidole gumba, akahesabu maharage yake kama hajaona maharage maishani. Kisha akasema, na maneno haya ninayo mpaka leo:

"Miezi tatu balikuita mulozi. Ulikuya kulia kwangu, kanga yangu ikalowa. Leo wewe umemuita mwenzako mulozi bila kufungua mudomo. Yeye alikosa na mutoto anakufa mikononi. Wewe umekosa umekaa kwa kiti."

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia, mama, mimi nilisamehe kwa moyo, kikombe si kitu. Akacheka kidogo, si kwa furaha.

"Kwa moyo? Moyo yako nani anaiona? Mungu. Donc Mungu anajua ulidanganya. Na batu, bao balitazama kikombe." Akasukuma ungo upande wangu. "Na ule binti alisema ukweli, ule alikuokoa. Leo amekula nini?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Wallahi, kama wasemavyo jirani zetu Waislamu, sikuwa nimemfikiria yule mtoto hata mara moja. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu, aibu yangu, uji wangu, jina langu, na Masika sikumwona. Nikalia juu ya maharage. Mama mkwe hakunibembeleza. Alisema tu kwamba barabara ya Oicha iko wazi na miguu ninayo.

Nikakawia tena wiki chache, ninakiri. Aibu ni nzito kuliko hasira. Hasira inakusukuma kwenda, aibu inakushika mlangoni. Mwishowe Kakule aliniombea nafasi kwa mzee Ramazani, Mwislamu wa Beni aliyebeba mizigo kati ya Butembo na Oicha, na Jumamosi moja alfajiri nikapanda gari lake, nikakaa mbele kati yake na magunia ya chumvi. Alikuwa mtu wa maongezi. Nilipotaja ninamwendea nani, akageuka akanitazama mpaka nikaogopa tutaingia mtaroni.

"Ule mama wa mutungi? Ni mimi nilimubeba. Alilia mpaka Beni." Akaendesha kidogo. "Mama, mimi pombe hapana kunywa, dini inakataza. Mais siku ile, kama ni mimi mutu ya kunywa, ningekunywa yote, anyamaze tu."

Hakujua alichonifanyia. Nilifunika uso kwa kitenge mpaka tukapita Beni.

Shamba la ndugu yake lilikuwa pembeni mwa Oicha, pale msitu ulipoanzia. Nilifika adhuhuri. Mke wa yule ndugu alikuwa na wanawake wawili wa jirani, wanageuza kakao kwenye mikeka, na ua mzima ulinuka kakao ile chachu. Watoto watano au sita walikuwa wanakula kwenye sinia moja kivulini. Masika na Muhindo hawakuwa kwenye ile sinia. Walikuwa kando ya kinu, nyuma ya jiko, wana sahani yao ya bati wawili tu. Nilimuuliza yule mwenye nyumba kwa nini wale wawili wanakula mbali. Akajibu bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Mama yao anabapikia sahani yao. Tulisikia mambo ya Kalunguta."

Kikombe changu kilikuwa kimesafiri mpaka pale, mwanangu. Kilinitangulia barabarani.

Kanyere akatoka jikoni. Alisimama. Hakunikaribisha, na sikustahili.  Nikasema, "Kanyere, niko na kiu."

"Hapa hakuna pombe. Niliacha."

"Maji, basi."

Wale wanawake waliacha kugeuza kakao. Kanyere aliingia ndani akakawia, nikadhani hatatoka. Akatoka na kikombe cha maji. Kama desturi ilivyo, akakipeleka mdomoni ili aonje. Nikamshika mkono.

"Hapana onja," nikamwambia.

Nikakichukua, nikanywa. Nilikunywa yote, mpaka mwisho, nimesimama katikati ya ua, maji yakinitiririka shingoni. Yalikuwa maji ya moshi, ya mtungi wa zamani. Nilipomaliza nikaomba tena, akanipa, nikanywa tena. Wale wanawake walitazamana. Mke wa ndugu yake akainuka kwenye mkeka, akafuta mikono, akaja akachukua kikombe mkononi mwangu, akamnyooshea Kanyere. Kanyere akakijaza. Yule mke wa ndugu naye akanywa. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi.

Kanyere aliketi juu ya gogo la kuni. "Ulikawia," akasema. "Miezi saba, Katungu. Batoto yangu balikula pembeni miezi saba."

Nikapiga magoti. Nilimwambia kwamba sikumsamehe siku ile, kwamba nilidanganya kanisa na kijiji, na kwamba sasa ni mimi niliyekuja kuomba. Alinisikiliza. Ungependa nikuambie tulikumbatiana? Sikiliza alichosema: "Inuka, unachafua kitenge. Nitakusamehe, mais leo hapana. Leo niko na hasira. Acha ipite, urudi Noeli."

Nilirudi Noeli, pamoja na Kakule. Alikuwa ametengeneza kasiksi, ya kwanza tangu aondoke kwetu, na Oicha nzima, nadhani, ilikuwa mlangoni pake. Alichota, akanipa, akacheka kile kicheko chake cha zamani, tukanywa mpaka Kakule akaja kuniuliza kama nitarudi kwa gari au kwa machela. Hakurudi kuishi Kalunguta tena. Lakini urafiki wetu ulirudi, na umedumu kuliko waume zetu. Miaka hii ya karibuni, watu walipokimbia mauaji katika vijiji vya Oicha, alifika hapa Butembo, ninakoishi siku hizi, na wajukuu wanne na godoro moja, akaja moja kwa moja kwangu. Yumo humu ndani sasa hivi. Ananisikia, na ananipigia kelele kutoka chumbani kwamba mtungi ulikuwa mdogo kuliko ninavyosimulia.

Ni Masika ninayetaka kukuambia habari zake. Siku ile Oicha, nilipoinuka, nilimwita. Nikamwambia, "Masika, ulisema ukweli, ukaniokoa. Wasingya," ndiyo asante ya lugha yetu. Akasema, "Ndiyo, mama," akarudi kwenye sahani yake. Sasa ni mwalimu hapa Butembo, mwanamke wa heshima, anasali, ananiita mama, na akija kumsalimu mama yake ananiletea sukari. Kila akija ninampakulia. Watoto wake wanakula, wanaomba tena. Yeye anasema kwa upole, "Nimekula nyumbani, mama." Miaka yote hii. Hajawahi kula kwangu. Si kwangu tu. Kanyere ananiambia hali chakula kwa mtu yeyote, wala arusini, wala matangani, anakula nyumbani mwake tu. Nilimuuliza mara moja kama bado ananikasirikia. Alishangaa kweli kweli. "Hapana, mama, nilikusamehe zamani. Ni chakula tu haiteremuki."

Kwa mama yake nilifika nimechelewa miezi saba, na haikuwa mwisho. Kwa mtoto, miezi saba ilikuwa mingi mno. Alisema ukweli mmoja maishani akiwa mdogo, na mshahara wake ukawa kula nyuma ya jiko.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami sina nyingine. Ukisema umesamehe, ufanye kile kitendo ambacho watu wanakitazama. Kama ni kikombe, kunywa. Kama ni mkono, ushike wote, si ncha za vidole. Kama mlikuwa mkilima pamoja, chukua jembe uende shambani kwake. Bwana wetu hakutusamehe kwa mbali akiwa amekunja mikono. Alikuja akaketi akala na sisi, na wenye heshima zao wakamnung'unikia kwa hilo. Na ufanye mapema. Wanasema haraka haraka haina baraka, na ni kweli kwa kujenga na kwa kuoa, lakini katika kusamehe mimi nimeona baraka iko kwa yule aliyewahi, kwa sababu hujui nani mwingine anakula pembeni kwa ajili yako wakati unajipa muda. Na kama ni wewe unayeombwa na hasira bado ipo, sema kama Kanyere: leo hapana. Taja siku. Hilo ni bora mara mia kuliko ule msamaha wangu wa makofi.

Najua swali lako, linakaa machoni pako. Na wale waliotuulia watu, waliochoma nyumba kule, je? Mwanangu, mama aliyezika watoto wake mimi simwambii kitu. Ninakaa naye, ninamshika mkono, namwachia Mungu aseme naye kwa wakati wake. Mtu aliyeua ahukumiwe, kusamehe hakuzuii hilo. Mimi nasema juu ya yule jirani yako, yule dada yako, yule uliyemwambia "yaliisha" na hujavuka kizingiti chake tangu Pasaka. Huyo unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi.

Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu na Baba wa Bwana wetu Yesu, akulaze salama na akuamshe na nguvu. Akupe koo linalokubali kumeza, na magoti yanayojua kukunjika, na miguu inayofika mlangoni mwa mwenzako kabla watoto hawajazoea kula pembeni. Na Jumapili hii, Masika akija, nitampakulia tena. Uniombee. Amina.